Matema na mbwa: asubuhi za ufukweni, Ziwa Nyasa

Shule zilipofungwa mwezi wa sita nilishuka Matema na mbwa wangu, lengo likiwa moja: kutembea naye ufukweni kila alfajiri bila kukwepana na bodaboda za Soweto ya Mbeya. Sasa nimerudi Mbeya. Haya nimeyapanga kutokana na vidokezo nilivyokuwa naandika kwenye simu kila tukimaliza kutembea, pamoja na picha, ambazo nyingi zimetoka mkia tu. Habari za Matema kwa watu wa kuogelea na kuchoma samaki zimejaa tele. Za mtu anayekwenda na mbwa sikuziona, ndiyo maana nimeweka bei, njia na nani wa kumsalimia kwanza.

Mbwa mwenyewe anaitwa Mtasema. Ni wa kienyeji, dume, rangi ya udongo mkavu, sikio la kushoto limelala. Alikuwa hajawahi kuvuka Uyole, ukingoni mwa jiji la Mbeya.

Jumatano: Uyole, Tukuyu, Ipinda, Matema

Kosta za Kyela zinapakia stendi ya Nanenane, na aliyewahi kuzipanda anajua kwamba hata kuku hubebwa kwa kuombewa. Nilimuuliza konda mmoja. Akamtazama mbwa, akanitazama mimi, akasema, "Mama, huyo nimkalishe na nani?" Swali la haki kabisa. Kwenye kosta kuna abiria ambao kwao mate ya mbwa ni najisi, na kuna wenye woga wa kweli, walioumwa utotoni. Kuwabana nao saa tatu au nne ni kukosa ustaarabu.

Dawa yake ni kenta, lori dogo la mizigo. Juni ni msimu wa mavuno ya mpunga Kyela, kwa hiyo kenta zinashuka tupu na kupanda zimejaa. Nilipatana na dereva mmoja pale Uyole: elfu kumi na tano mimi nikae mbele, elfu tano Mtasema akae nyuma juu ya turubai. Kamba nilimfunga kwenye mkanda wa kifuani, fupi, isiyomruhusu kufika kwenye bodi. Anayefunga mbwa shingoni nyuma ya gari ajue kuwa likipigwa breki kali, mbwa atanyongwa kabla dereva hajashuka.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu, giza bado. Baridi ya Uyole mwezi wa sita haihitaji maelezo. Pale Isyonje, njia panda ya Kitulo na Makete, ukungu ulikuwa umekaa juu ya lami na akina mama wa viazi walikuwa wamejifunika vitenge hadi puani, ndoo zao zimepangwa kando ya barabara. Nilishuka kumtazama Mtasema, nikamkuta amejiingiza ndani ya gunia, pua tu iko nje. Mlima Rungwe ulikuwa hauonekani hata kidogo. Mgeni angeweza kupita chini yake asijue kuna kitu cha karibu mita elfu tatu kimesimama pale.

Kiwira, au KK kama tunavyosema, tulinywa chai na chapati mbili, elfu moja na mia tano. Muuza ndizi mmoja alimrushia Mtasema ndizi ya kuchemsha. Akaila, akasimama kwa miguu ya nyuma kutafuta nyingine. Yule mama akacheka, akampa ya pili, akakataa hela.

Tukuyu ilitupokea kwa manyunyu, ndivyo ilivyo hata kiangazi. Baada ya hapo barabara inaanza kuteremka kwa dhati. Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko kama mita 470, na mteremko huo wote unaumaliza kabla ya mchana. Masikio yanaziba. Unavua sweta, kisha unavua koti la ndani, kisha unafungua dirisha. Mashamba ya chai yanapisha migomba, migomba inachanganyika na mikokoa, na ghafla uko kwenye tambarare ya mpunga na joto limekukamata. Nyuma, Mtasema alikuwa ametoka kwenye gunia, ulimi nje, anahema. Tulisimama nikampa maji. Mbwa wa baridi mpeni maji kila baada ya nusu saa kuanzia mkiiacha Tukuyu, hata kama haombi.

Kikusya tulikata kushoto kuelekea Ipinda. Lami nzuri, lakini mwezi wa sita nusu yake ni ya mpunga: watu wameanika kwenye maturubai pembeni, wameweka mawe na matawi kuzuia magari, na bibi mmoja amekaa kwenye kigoda na fimbo ndefu ya kufukuzia kuku. Dereva wangu alikuwa akipunguza mwendo kila mara na kupiga honi moja fupi ya heshima.

Kenta iliishia Ipinda. Nikakodi bajaji nzima hadi Matema, elfu kumi, kwa sharti kwamba mbwa akae miguuni pangu, siti asiiguse. Sharti hilo Mtasema alilitimiza vizuri kuliko mimi, maana mimi ndiye niliyemwaga maji.

Nyumba ya wageni ya kwanza, niliyokuwa nimeipigia simu na kueleza habari ya mbwa mara mbili, ilinigeuka mlangoni. "Tulidhani mdogo." Nikabaki nimesimama na begi, mbwa, na mfuko wa dona. Kijana wa bajaji alikuwa hajaondoka. Hakuuliza kitu, alisema tu, "Panda, twende kwa shangazi." Shangazi yake ana vyumba vitatu nyuma ya nyumba yake, hatua chache kutoka mchangani. Elfu ishirini kwa usiku na chai ya asubuhi, mbwa alale barazani. Nilipotaka kumwongezea kijana nauli akaikunja mikono nyuma. Nikamwambia "ndaga fijo", asante sana, Kinyakyusa changu chote kikaishia hapo.

Shangazi, kabla hajaniuliza jina, aliuliza, "Amechanjwa?" Nikatoa cheti. Akakisoma hadi mwisho, akatazama tarehe, ndipo akasema karibu mwanangu.

Hili nalisisitiza kwa wote wenye nia ya kusafiri na mbwa: cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, cha ndani ya mwaka mmoja, kiwe mfukoni na si kwenye begi. Ofisi ya mifugo ya wilaya au ya kata itawachanja na kuwaandikia. Waulizeni hapohapo kama mnahitaji na kibali cha kumhamisha mnyama. Ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa binadamu, hauponi. Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku ileile kwa ajili ya sindano. Matema kuna hospitali ya Kilutheri, na kwa mji mdogo kama ule, hiyo ni neema.

Alhamisi: kuelekea magharibi

Saa ya Matema ina siri yake. Jua lenyewe huchomoza karibu saa moja kamili mwezi wa sita, lakini upande wa mashariki kumesimama milima ya Livingstone, ukuta mtupu unaotumbukia ziwani. Kwa hiyo mwanga unakuja mapema na jua linakuja baadaye sana. Sisi lilikuwa likitufikia kati ya saa moja na nusu na saa mbili. Katikati hapo unapata zaidi ya saa nzima ya mwanga wa kutosha, mchanga wa baridi na kivuli cha mlima mzima. Kwa mbwa hakuna saa bora. Kufika saa nne, mchanga ule mweusimweusi unachoma nyayo, na anayemtembeza mbwa wakati huo anamtesa tu.

Tulitoka saa kumi na mbili na nusu. Mtasema alifika kwenye maji, akasimama. Wimbi dogo lilikuja, akarudi nyuma. Lilipoondoka akalifuata, akalinusa, likamrudia usoni. Alilibwekea kwa muda ambao ulianza kunitia aibu, kisha akaonja. Maji baridi, hayana chumvi. Akanywa kama aliyekuta pombe ya bure. Hiyo ndiyo raha ya ziwa: huna haja ya kubeba chupa ya maji ya mbwa kama wanavyofanya wa Pwani.

Tulielekea magharibi, upande wa mto Lufilyo. Mitumbwi ilikuwa inarudi, taa zake bado zinawaka. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtumbwi uliopinduliwa, anaziba wavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Na huyo mnakwenda naye wapi?"

"Tunanyoosha miguu tu."

"Nyoosheni. Mkifika kwenye ule mti, rudini. Baada ya pale mamba naye huja kunyoosha."

Hakuwa anatania. Akaniambia kuwa kule mto unakoingilia ziwani, penye matete na maji yaliyotulia, mbuzi na mbwa wameshachukuliwa, na kwamba mamba hasumbuki kumfuata mtu juu mchangani. Anamsubiri anayekuja kunywa. Tukafika kwenye mti, tukageuka. Kila tulipopita tena upande ule nilimkuta yule mzee palepale, na kila mara alinihesabu mimi na mbwa kwa kidole tukirudi.

Basi kanuni: penye mawimbi na watu wengi, mbwa anywe na aogelee. Penye matete, kamba fupi na mbali na maji. Usimwulize mtu wa hoteli. Uliza mvuvi wa asubuhi ile, maana yeye ndiye anayejua wiki hii mamba ameonekana wapi.

Jambo la pili nililolijua siku hiyo ni watoto. Wanaogopa, na wana sababu. Mbwa wengi wa pale hufungiwa mchana na kuachwa usiku walinde, kwa hiyo mtoto hamjui mbwa ila yule anayebweka gizani. Wasichana watatu wenye ndoo kichwani walituona, wakaingia kwenye migomba wote kwa pamoja, maji yakamwagika. Kuanzia hapo nikawa nasimama mbali, nakunja kamba mkononi, namkalisha Mtasema upande wa ziwa, nasalimia kwanza. Wakishapita, tunaendelea. Inachelewesha. Lakini siku ya tatu wale wasichana walisimama wenyewe, mmoja akauliza, "Mwalimu, anaitwa nani?" Nilipowaambia jina walicheka hadi ndoo zikayumba tena.

Ijumaa: usipa

Siku hii niliandika ukurasa mzima, nitajitahidi kuufupisha.

Usipa ni samaki wadogo, wembamba, wa rangi ya fedha, wanaoishi makundi makundi kwenye maji ya wazi. Wanavuliwa usiku kwa taa: mwanga unawavuta juu, wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, kwa hiyo wavuvi huomba giza. Wiki yetu ilikuwa ya giza. Asubuhi ile mitumbwi ilikuja imezama karibu na ukingo, na ufukwe wote ukajaa akina mama wenye mabeseni. Bei ilipangwa pale pale kwa sauti, watu wakigombana na kucheka ndani ya sentensi moja. Baada ya hapo samaki humwagwa kwenye nyavu kuukuu zilizotandazwa juu ya mchanga, wakatawanywa kwa kiganja mpaka wasilaliane, wakaachiwa jua. Jua likiwa kali, jioni wameshakauka.

Sasa fikirieni kupita hapo na mbwa. Nilimfupisha Mtasema mpaka bega lake linagusa goti langu. Tulikuwa tumepita nyavu mbili salama, tukasikia kelele nyuma: "Mbwa! Mbwa amekula!" Nikageuka, mama mmoja anakuja na fimbo, na watu kama kumi wanatutazama sisi. Mbwa aliyeonekana ni huyu. Mbwa mgeni ni huyu. Mimi nashika kamba, nasema, "Mama yangu, amefungwa, hajasogea," na sauti yangu haisikiki.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja aliyekuwa akitandaza samaki bila hata kunyanyua kichwa. "Si huyo. Ni yule wa kwa mwenyekiti, ameingia nyuma ya mtumbwi." Na kweli, nyuma ya mtumbwi palikuwa na mbwa mweusi mnene, mdomo unameta magamba. Kicheko kilichopigwa hapo sijui kama mwenyekiti alikisikia. Mama wa fimbo alinishika mkono, akasema pole, akaniwekea viganja viwili vya usipa wabichi kwenye mfuko, "vya huyu aliyesingiziwa." Nami nikanunua sado nzima ya wakavu kwake.

Mchana shangazi aliwakaanga wale wabichi kwa nyanya na pilipili, tukala na wali wa Kyela. Ule mchele ukiwa jikoni, mtu wa nyumba ya tatu anajua. Dar kila mchele unaitwa wa Kyela, ila pua haidanganyiki. Mtasema alipata ugali wa dona na usipa wakavu waliochemshwa, na huo ndio ukawa mlo wake mpaka tunaondoka. Wenye mbwa, msibebe chakula cha mbwa cha dukani kwenda ziwani. Usipa wachemsheni bila chumvi, basi.

Jumamosi: Lyulilo, gulio la vyungu

Jumamosi nenda mashariki. Kufuata ufukwe unafika Lyulilo bila haraka, na siku hiyo ndiyo siku ya vyungu. Vinatoka Ikombe, kijiji cha Wakisi kilicho mbele zaidi, ambako mlima umeingia majini kiasi kwamba gari lilikuwa halifiki. Ilikuwa njia ya miguu au mtumbwi. Wanaofinyanga ni wanawake. Tulipofika, mitumbwi ilikuwa inashusha, vyungu vimepangwa ndani kwa nyasi, kimoja ndani ya kingine.

Nilikaa pale muda mrefu. Nilichukua kimoja cha ukubwa wa bakuli nikakizungusha mkononi. Kimefinyangwa kwa mikono, na huwezi kuamini mpaka uingize vidole ndani: unazihisi alama za vidole vya mwingine, zimefuatana kuzunguka, na vyako vinakaa humohumo. Nje kimesuguliwa hadi laini, michoro ya rangi nyekundu ya udongo shingoni. Chepesi. Ukikigonga kwa kucha kinalia.

"Cha mboga?" mama mwenye vyungu akauliza.

Nikamwambia ukweli. Nilikuwa natafuta cha kunyweshea mbwa maji, kwa sababu bakuli la plastiki alikuwa analipindua.

Akanyamaza. Akamtazama Mtasema, aliyekuwa amelala kwenye kivuli cha mtumbwi. Majirani zake wawili nao wakanyamaza. Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Kisha akasema, "Hela yenyewe si ya mbwa," wakaangua kicheko wote, akakichukua kile nilichokishika, akakirudisha, akanichagulia kingine chenye kitako kipana. "Hicho atakipindua. Hiki hawezi." Elfu nne, akapunguza hadi elfu tatu na mia tano. Mpaka leo hajakipindua.

Kwa wanunuzi: njooni mapema, kabla wachuuzi wa Kyela na Mbeya hawajabeba vikubwa. Chukueni nyasi pale pale za kufungia, na msiweke vyungu nyuma ya bajaji.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alipojua kuwa nami ni mwalimu alinisogezea kigoda na kunipa somo zima kwa hiari yake. Kwamba boma la kwanza la Wajerumani upande huu, Langenburg, lilikuwa huku huku pwani ya ziwa, mbele ya Ikombe, kabla hawajalihamishia juu Tukuyu wakaiita Neu Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Alionyesha kwa fimbo, kule, nyuma ya ile pua ya mlima. Nilipoitazama ile miamba nikaelewa kwa nini walihama.

Tulijaribu kuendelea kidogo na njia ya Ikombe. Mchanga unakwisha, mawe makubwa yanaanza, na mbwa wa mjini hajui kuruka jiwe lenye maji. Tukarudi.

Jumapili: tarumbeta na funza

Alfajiri, kabla hatujafika hata kwenye mti wa mzee, vijana wa kanisani walianza kujaribu tarumbeta zao. Mtasema alikaa chini mchangani, akainua kichwa, akalia nao. Kila wakinyamaza, ananyamaza. Wakianza, anaanza. Wavuvi wawili walisimamisha kazi ili wasikilize. Nikamkokota tukaenda mashariki.

Mchana nikagundua anachechemea, anaulamba mguu wa mbele wa kulia. Shangazi akamlaza ubavu kwenye mkeka, akamwambia mjukuu wake ashike kichwa na mimi nishike miguu. Akakiminya kidole. Pale kati ya nyama ya unyayo na kucha palikuwa na kijiduara cheupe, kidogo kuliko punje ya mchele, katikati kina nukta nyeusi. Funza. Akachukua pini, akaipitisha kwenye moto wa kibatari, akaanza kuchokonoa kuzunguka ile nukta, polepole, ngozi tu, hagusi katikati. "Ukimpasua ndani umepanda shamba," akasema. Alizunguka pande zote mpaka kile kijiduara kikasimama peke yake, akakiinua kizima, kimejaa mayai. Akakitupa motoni, kikalia. Pakabaki shimo safi. Akaosha kwa maji ya chumvi, akapaka dawa ya vidonda. Wakatoka wengine wawili kwenye kidole cha pili. Mtasema alinguruma mara moja tu, na shangazi akamngurumia pia.

Kagueni miguu ya mbwa kila jioni, hasa mkilala penye baraza la udongo au mchanga mkavu chini ya miti. Bebeni pini na dawa ya vidonda. Na kupe pia, nyuma ya masikio na kwapani. Kwa upande wa binadamu: chandarua kila usiku, bila kubishana. Mimi sikuogelea, maana ziwa lina kichocho, hasa penye maji yaliyotulia na majani. Walioogelea waende wakapime wiki kadhaa baada ya kurudi.

Jumatatu na Jumanne

Upepo wa kusini, mwera, ulivuma siku mbili. Mawimbi makubwa, hakuna mtumbwi uliotoka, hakuna usipa, mchanga unaruka machoni. Tulitembea nyuma ya nyumba, kwenye mashamba ya kokoa, tukarudi kulala.

Jumanne jioni upepo ulitulia, na mbali juu ya maji ikasimama nguzo nyeusi, nikadhani meli inaungua. Shangazi akasema ni wadudu wa ziwani, mabilioni, wanapanda pamoja. Alifunga madirisha kabla hawajafika. Baraza lilikuwa na tabaka lao asubuhi, na kuku walishiba bila kuombwa.

Jumatano: kupanda

Kenta ileile ilikuwa inapakia Ipinda. Nilinunua kilo ishirini za mchele kwa 2,200 kilo, nikafunga chungu ndani ya khanga mbili. Gunia zilikuwa zimepangwa hadi juu, kwa hiyo Mtasema hakuwa na mahali pa kukaa nyuma. Dereva akakuna kichwa, akasema, "Basi aje mbele, ila akitapika ni wewe." Hakutapika. Aliyetapika ni utingo, pale kwenye kona za juu ya Ushirika, na aliyempisha dirishani ni mbwa. Nilitoa elfu ishirini ileile.

Juu ya Tukuyu tukarudisha masweta. Isyonje mvua. Uyole saa kumi na mbili jioni, na bodaboda wa kwanza niliyemwita aliondoka alipoona mbwa, wa pili akaomba elfu moja zaidi. Nikatembea.

Kwa atakayefuata: Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya kwenda na mbwa, ukivumilia mwera. Machi hadi Mei mvua za Kyela si za kuchezea, mito hufurika na barabara za pembeni hukatika. Desemba kuna maembe na joto ambalo mbwa wa Mbeya atalichukia. Kenta za kushuka tupu zinapatikana kwa urahisi msimu wa mavuno tu. Miezi mingine pangeni gari dogo la kukodi na mgawane. Na dereva mpigieni usiku wa kuamkia safari, kwa sababu ukimpigia asubuhi utamkuta ameshafika KK.